Mlango tumeshauona, sasa tupigieni bendi

Kila asubuhi Shangani, kabla jua halijawa kali, utawakuta watembezaji watalii wamesimama na wageni wao mbele ya mlango ule ule wa Freddie Mercury. Maelezo yao nimeshayahifadhi. Jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja Septemba 5, 1946, wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba mshika fedha katika serikali ya Kiingereza, mtoto akapelekwa skuli Bara Hindi, Mapinduzi ya 1964, familia ikahamia London, umaarufu, kifo. Picha zinapigwa, kundi linaelekea Mkunazini kwenye soko la watumwa la zamani. Shughuli yote ni dakika chache, na katika dakika hizo hakuna aliyesikia hata gitaa likikwaruzwa.

Simlaumu mtembezaji. Anatafuta riziki, na anayetaka zaidi ya mlango, yapo makumbusho hapo hapo Shangani tangu 2019. Ugomvi wangu ni na hadithi yenyewe, ambayo sasa hata watoto wetu wanaijua hivyo hivyo: palikuwa na mtu mmoja, kazaliwa kwetu, akenda Ulaya akawa nyota. Basi. Freddie Mercury alikuwa mwimbaji wa bendi. Bendi hiyo, Queen, ilikuwa na watu wanne, wote wanne watunzi, na tangu mpiga besi alipojiunga 1971 mpaka mwimbaji alipokufa 1991, hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Kisa hicho naona kina faida kwetu kuliko cheti cha kuzaliwa. Na nasema hivyo kwa kuwa bendi ile niliiona kwa macho yangu, uwanja wa Wembley, Jumamosi ya Julai 12, 1986, na siku hiyo nilikuwa sijui kabisa kwamba yule mwimbaji ni mtoto wa mjini kwetu.

Nilikuwa London nasomea uuguzi. Kwetu Kikwajuni nimekulia ndani ya taarab. Mama yangu hakosi harusi, na redio yetu ilikuwa ikinyamaza kwa adhana tu. Roki niliihesabu kuwa ni makelele ya vijana wa kizungu wasiotaka kukata nywele. Sasa hosteli yetu ya wauguzi kuta zake zilikuwa nyembamba, na jirani yangu, msichana wa Kiayalandi, alikuwa na kaseti ya Queen, ile Greatest Hits ya 1981, anaipiga kila anaponyoosha sare zake. Mwanzo nilikuwa nikigonga ukuta apunguze sauti. Baada ya muda nikawa nagonga ukuta akiizima.

Kilichonivuta ni waitikiaji. Gitaa lilikuja baadaye. Sauti zao zilipanda pamoja na kushuka pamoja, zikakatika mahali pamoja kama safu ya maulidi ya homu inavyoinama na kuinuka, ukashindwa kujua nani anaongoza. Nikamwuliza jirani yangu kwaya hii ina watu wangapi. Akacheka. Watatu, akasema, mpiga besi haimbi. Wanajirekodi, wanajirudia juu yao wenyewe, mpaka wanakuwa umati. Nikataka kuona watu watatu wa namna hiyo wanafanya nini wakiwa mbele ya watu, ambako hakuna kujirudia. Rafiki yake waliyekuwa waende pamoja akapangiwa zamu ya usiku, na tikiti ikaniangukia mimi.

Hapa pana jambo lazima niliseme, kwa sababu wanaoandika sifa za Queen hulipita mbio. Oktoba 1984 bendi hii ilikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya makaburu, wakati wasanii wa dunia wametakiwa wasikanyage huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya waliovunja mgomo. Palikuwa na kaka mmoja wa Morogoro akisoma London, aliyepata kufanya kazi Mazimbu kwenye skuli ya ANC, akafundisha watoto waliokimbia risasi za Soweto. Aliposikia nina tikiti aliniambia, "Dada, unatoka nchi ya mstari wa mbele, unakwenda kuwapigia makofi hawa?" Tulibishana sana jikoni kwake, chai ikapoa. Queen walijitetea kwamba ni wanamuziki, siasa haziwahusu. Utetezi huo haukunitosha mwaka ule na haunitoshi leo. Nilikwenda hata hivyo. Yule kaka alininunia mpaka Krismasi, na alikuwa na haki yake. Kinachochekesha ni kwamba I Want to Break Free, wimbo uliotungwa na yule mpiga besi asiyeimba, ulipendwa sana Afrika Kusini na watu waliokuwa wakidai uhuru wao, kana kwamba uliandikwa kwa ajili yao.

Basi tukapanda treni mpaka Wembley Park, tukateremka na bahari ya watu. Zaidi ya 70,000, siku ya pili mfululizo. Nilikuwa sijapata kuona viumbe wengi hivyo mahali pamoja, hata Amani kwenye sherehe za Mapinduzi. Kwanza walipiga wengine: The Alarm, INXS waliotoka Australia, kisha Status Quo, ambao jirani yangu alisema nyimbo zao zote ni moja, nami baada ya nusu saa nikakubaliana naye. Jua la Julai kule halina haraka ya kuzama. Queen walipotoka, moshi ukatangulia, kisha gitaa la One Vision, na mimi nikashika kifua. Sikuwa nimeambiwa kwamba besi ya uwanjani huisikii kwa masikio. Inapita mbavuni. Nilisomeshwa moyo una vyumba vinne. Siku ile nilivihisi kimoja kimoja.

Mercury alikuwa na koti la njano la mikanda, suruali nyeupe yenye mstari mwekundu, na ile nusu ya kijiti cha maiki anayoizungusha mara kama bakora mara kama gitaa. Mengi yameandikwa juu ya nguo zake. Mimi nataka kusema juu ya kazi yake. Palikuwa na kipindi, katikati ya nyimbo, ambapo bendi ilinyamaza akabaki peke yake na uwanja. Anatoa sauti, watu wanairudisha. Anairefusha, wanairefusha. Anaivunja vipande, anaipandisha hadi pahala ambapo mtu wa kawaida hafiki, anawatazama, wanajaribu, wanashindwa, anacheka nao. Ukiwa umekulia Unguja hilo hulioni geni. Ni kuitikia. Msomaji anatoa, waitikiaji wanapokea, na msomaji mzuri anajulikana kwa namna anavyowapa wenzake nafasi. Nikajisemea, huyu mzungu kajifunza wapi? Mzungu! Miaka mitano baadaye ndipo nilipoambiwa.

Halafu taa zikapungua, akaja mpiga gitaa Brian May na gitaa, wakakaa wawili tu, Love of My Life. Katika sahani ya 1975 wimbo huu una piano na kinubi. Jukwaani waliuvua vyote hivyo. Mercury aliuandika yeye, lakini usiku ule aliimba nusu tu. Nusu nyingine aliwaachia watu, akanyamaza kusikiliza. Jirani yangu alikuwa akilia waziwazi. Mimi nilifanya alivyokuwa akifanya mama yangu kwenye taarab moyo ukimjaa: nilitoa noti ya pauni mfukoni, nikainyanyua juu kutunza, nikakumbuka kwamba jukwaa liko mbali kama Chumbe, nikairudisha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Bohemian Rhapsody kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. Ilitoka mwisho wa Oktoba 1975, ina dakika 5 na sekunde 55, wakati ambapo redio hazikutaka wimbo unaozidi dakika tatu, ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Katikati yake pana ile sehemu ya opera, sauti zimerundikwa tabaka juu ya tabaka studio mpaka mkanda ukakaribia kuchakaa kwa kupitishwa mara nyingi. Hiyo haiwezi kuimbwa na watu watatu jukwaani. Haiwezekani. Basi nini walichofanya Wembley? Mercury alipiga piano akaimba mwanzo wake, May akaingia na gitaa, na ilipofika sehemu ya opera, wote wanne wakatoka. Jukwaa tupu. Taa na moshi, na mkanda wa studio ukipigwa peke yake. Nikamwuliza jirani yangu, wamekwenda wapi? Wamekwenda kubadilisha nguo, akanijibu, kama jambo la kawaida kabisa. Opera ilipokwisha na gitaa zito likatakiwa liingie, wakarudi mbio na kulipiga kwa mikono yao.

(Ndani ya mkanda huo ndimo nilimosikia, nikiwa nimezungukwa na Waingereza wenye bia mkononi, uwanja mzima ukitaja bismillahi. Nilidhani nimeota.)

Nimelifikiria jambo hilo miaka yote. Walikuwa na watu wao, wangeweza kusimama pale wakafungua midomo, nani angejali? Lakini walichukua msimamo kwamba mkanda ukiimba, mwanamuziki asisimame mbele yake akajifanya ndiye. Linganisha na tunachokiona hapa. Msanii kalipwa pesa ambazo bendi nzima ya dansi haikupata kwa mwaka, anapanda na kijana mmoja mwenye kompyuta, wimbo unachezwa na sauti yake imo tayari humo ndani, yeye anaruka, anavua shati, anawaelekezea watu maiki wamuimbie. Pleibeki. Watu wanapiga kelele, mapromota wanahesabu. Sisemi wote, Sauti za Busara tangu 2004 pale Ngome Kongwe imeshikilia kwamba anayepanda apige laivu, na wapo vijana wanaoweza khasa. Lakini hiyo ni siku chache za Februari. Mwaka uliobaki ni kompyuta.

Najua jibu la mapromota, na lina hesabu ndani yake. Bendi ya watu kumi inataka gari, chakula, malazi, mafundi, vyombo, na kila mmoja ana wake nyumbani anangoja. Kijana na kompyuta wanaenea teksi moja. Haya. Lakini hesabu hiyo hiyo ilikuwapo Uingereza, na Queen wenyewe waligombana juu ya fedha kama watu wengine wowote. Kisa kinachojulikana ni hiki: nyuma ya sahani ya Bohemian Rhapsody, upande wa pili, paliwekwa wimbo wa mpiga dramu, Roger Taylor, unaohusu mapenzi ya mtu kwa gari. Kwa mtindo wa mirabaha wa siku zile, kila sahani iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande wa pili sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Mercury kaumiza kichwa na opera yake, Taylor kaimba gari, mgao ni mmoja! Maneno yalikuwepo miaka mingi. Mwisho, kwenye albamu ya The Miracle ya 1989, wakakata shauri kwamba nyimbo zote ziandikwe jina la Queen, wagawane. Kwa nini bendi yao haikufa na nyingi za kwetu zikafa? Sababu ni nyingi, lakini hiyo ni mojawapo, na haina uhusiano na kipaji.

Tazama tena walivyokuwa wamegawana kazi. Mercury ana Bohemian Rhapsody, Somebody to Love na We Are the Champions. May, aliyetengeneza gitaa lake mwenyewe akiwa kijana pamoja na baba yake, mbao zake zimetoka kwenye jiko kongwe la kuotea moto, na ambaye hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kidole cha plastiki, ana We Will Rock You. Huyo huyo 2007 alichukua shahada ya udaktari ya elimu ya nyota. Taylor ana Radio Ga Ga. John Deacon, mpiga besi, fundi wa umeme aliyeokota vipande vya waya kwenye jalala akatengeneza spika ndogo iliyotumika studio miaka yote, ana Another One Bites the Dust, ulioshika namba moja Marekani 1980. Ni kundi gani jengine unalolijua ambalo kila mtu wake, mpaka yule wa nyuma kabisa, kaandika wimbo uliozunguka dunia?

Nikiuliza hivyo najua wazee wa Bara watanijibu haraka kwa bendi zao za dansi: Sikinde, Msondo. Na kweli, dansi ilikuwa hivyo, kila mwimbaji analeta tungo yake mazoezini, wapiga gitaa wanaivalisha, tarumbeta zinatafuta pa kuingilia. Walipohama wakongwe wa Sikinde 1985 kwenda Safari Sound, mashabiki walijua nani kaondoka na nini kimeondoka naye, na Sikinde haikufa. Kwetu Unguja vilabu vya taarab vilikwenda mbali zaidi: mshairi mtu mwengine, mtia sauti mwengine, mwimbaji mwengine, na nyuma yao safu ya fidla, ganuni, udi, akordiani. Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Kisha miaka ya 1990 ikaja taarab ya kinanda cha umeme, kinanda kimoja kikafanya kazi ya watu wanane, na wale wanane wakarudi nyumbani. Vilabu vikongwe vipo bado, wazee wanapiga bado, lakini waulize vijana wa Jang'ombe wakutajie jina la mpiga ganuni mmoja.

Ndiyo maana naumia nikiona tunamsimulia Freddie Mercury kama mtu mmoja aliyeng'aa peke yake. Tunawafundisha watoto ugonjwa ule ule. Filamu ya 2018 iliyomhusu, nzuri kwa macho, iliuchochea zaidi.

Nimeombwa mara nyingi na wajukuu niwatajie nyimbo zangu, kwa hiyo nizitaje, na wataona kwamba nyingi hazikupigwa Wembley.

Wa kwanza ni '39, wa Brian May, upo katika albamu moja na Bohemian Rhapsody na hakuna mtalii anayeuulizia. Ni gitaa la kawaida na kuitikia. Unasimulia watu waliopanda chombo kwenda kutafuta nchi mpya mbali angani. Wao wanahesabu mwaka mmoja, wanaporudi, nyumbani umepita umri mzima na waliowaacha ni makaburi. May alikuwa akiwaza fizikia ya Einstein. Mimi niliyekaa ugenini mpaka nywele zikabadilika, nikarudi Kikwajuni nikakuta vijana wananiuliza "Bibi unamtafuta nani?", naujua wimbo huo bila ya fizikia.

Wa pili ni You're My Best Friend. Deacon aliuandika kwa mke wake, akaupiga mwenyewe kwa piano ya umeme ambayo Mercury hakuipenda na hakutaka kuigusa. Ukiusikiliza unaijua tabia ya mtu: hauna madaha. Ni wimbo wa mwanamme anayerudi nyumbani mapema.

Radio Ga Ga niliuona Wembley na sitausahau, mikono yote ile ikipanda juu na kupiga makofi mawili kwa pamoja, na mimi mikono yangu imo. Ni wimbo wa kuililia redio, kwamba televisheni imeipokonya watu wake. Wenzangu wa Bara hawakuwa na shida hiyo mwaka 1986, televisheni hawakuipata mpaka miaka ya 1990. Sisi wa Unguja tulikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, tukikusanyika kuitazama kwa jirani, lakini nakwambia redio ya mama yangu haikupokonywa kitu. Taylor angekuja kwetu angeandika wimbo mwengine.

Mustapha, wa 1978, unanichekesha. Mercury anaanza kama mtu anayeadhini, anachanganya Kiingereza, Kiarabu na maneno ya kubuni, huwezi kuyafasiri na nadhani mwenyewe hakutaka yafasiriwe. Ni sauti za mji aliokulia mtoto wa Kiparsi ambaye hakuwa Muislamu lakini madirisha yake yalikuwa wazi. Wapo wanaochukizwa nao. Mimi nasikia mtoto wa Mji Mkongwe akiigiza mtaa wake.

We Are the Champions nimeuchoka. Kila kombe la mpira likibebwa, huo. Nisameheni.

Alipofariki, Novemba 24, 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI, nilikuwa wodini. Tulikuwa na vijana wa maradhi hayo, dawa zenyewe zilikuwa hazijafika pazuri, na asubuhi iliyofuata mmoja wao aliniomba gazeti. Nikamsomea. Nilipofika mahali palipoandikwa Zanzibar nikanyamaza, nikarudia kusoma kimoyomoyo, yule kijana akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni jirani yangu. Akadhani natania.

Najua pia kwamba hapa kwetu jina lake lina ubishi. 2006, alipotimiza miaka 60 tangu kuzaliwa, sherehe iliyotayarishwa Unguja ilivunjika baada ya kundi la kidini kuipinga, kwa sababu ya namna alivyoishi. Sina haja ya kumfanya walii, na sitaki kurudisha ugomvi ule. Lakini ugomvi wote ule ulihusu mtu, na biashara yote ya sasa inahusu mtu. Ukiuweka muziki mbele, pana la kufanya ambalo halimlazimishi yeyote kumsifu maiti.

Nalo ni hili. Wapo vijana waliosomeshwa muziki hapa hapa, chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha udi, ganuni na fidla tangu 2002, mara nyingi kwa taabu ya fedha. Kila Septemba 5 mahoteli yanayouza jina la Freddie Mercury kwenye kadi za vinywaji yachange, wizara itoe ruhusa ya Forodhani, na vijana hao wapewe jukwaa. Bila kompyuta. Wasimwigize, masharubu ya bandia yabakie dukani. Wachukue nyimbo za wote wanne wazivalishe nguo za kwetu. Love of My Life kwa ganuni, kinubi cha asili hakitakumbukwa. '39 kwa udi na waitikiaji wa homu kutoka Mtendeni, wakiwa radhi. Radio Ga Ga kwa dufu, makofi yapo tayari. Na kila mmoja wao alete na tungo yake mwenyewe, ndiyo sharti, hata kama inahusu gari.

Mtembezaji awalete wageni wake hapo jioni baada ya mlango, alipwe na yeye. Pesa zigawanywe sawasawa kwa wote waliopanda. Na besi, tafadhali, apewe kijana asiyependa kupigwa picha.